"Live" na "leave", na masikio ya Tabia

Jumanne, 14 Mei 2002

Kesho asubuhi dada yangu Tabia anakwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni wanakolala madereva wa Zambia. Kiingereza nimemfundisha mimi, niliyejifunza kwa kamusi.

Leo aliuliza kuhusu "live" na "leave". Maana nilimpa bila wasiwasi: kuishi, kuondoka. Matamshi nikayatoa yote mawili sawasawa, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Kaka, mbona sisikii tofauti?"

"Sikiliza vizuri," nikamwambia. Mungu anisamehe.

Akayalaumu masikio yake, akasema basi, haendi tena. Hapo nikashindwa kuendelea.

"Dada, masikio yako mazima. Mwalimu ndiye hajui."

Tukavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia wanakozungumza Kiingereza, kwa Bana Mulenga, mama muuza vitenge. Alicheka kwanza, kisha akamwelekeza: "La kuishi likate. La kuondoka livute, utabasamu." Tabia akapata mara ya tatu. Mimi nilijaribu kimoyomoyo nikijifanya nachagua kitenge.

Kesho anakwenda. Amenitaka nimsindikize, nikae nje, ila nisimsalimie mtu yeyote kwa Kiingereza.

Nimekubali.