Krismasi ya Bunagana

Jumatatu, 3 Machi

Kazini saa mbili kasoro. Ghorofa ya tatu, Ntinda, hapa Kampala, juu ya supamaketi. Kibao mlangoni kinasema ushauri wa biashara. Nimesikiliza rekodi kumi na moja. Akina mama wa Kivu wanagombana juu ya samaki, mchungaji anahubiri dakika arobaini, mzee anakohoa. Zote nimeziandika. Kuna mtu ng'ambo anayenunua kikohozi cha yule mzee. Meja anasema zamani hao wanunuzi walikuwa na majasusi wao hapa. Serikali yao imewarudisha nyumbani, sasa wananunua kwetu.

Meja ndiye bosi. Alistaafu jeshini lakini bado anatembea kama yuko kwenye gwaride. Amesema Ijumaa kuna taarifa kubwa itakayotoka.

Kiatu cha kushoto kimeachia soli.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua taarifa ni ipi. Ni ya Bahati, fundi cherehani.

Niandike yote hapa, maana sina wa kumwambia. Bahati tunasali naye mtaani kwetu, Namuwongo. Kanisani kwetu, sisi Wakongomani, kabla ya maombi mtu husimama akataja haja yake mbele ya wote. Mwezi wa kwanza alisimama. Alisema mdogo wake kachukuliwa na wapiganaji, yuko nao porini, tumwombee atoke salama. Watu walilia. Hata mimi nililia, kweli kabisa. Kesho yake nikaandika taarifa: fundi ana ndugu kati ya wapiganaji.

Meja akauliza walionana lini mara ya mwisho. Hapendi taarifa isiyo na siku. Nilikuwa nimechoka, mvua inanyesha, nataka kufika nyumbani kabla maji hayajajaa kando ya reli. Nikaandika: Krismasi, Bunagana, mpakani.

Nilibuni. Sijui Krismasi Bahati alikuwa wapi.

Niliona ni jambo dogo. Taarifa ya chanzo kimoja hukaa kabatini mpaka chanzo cha pili kiithibitishe. Nani angethibitisha jambo ambalo halikutokea?

Alhamisi, 6 Machi

Chanzo cha pili kimepatikana. Meja kafurahi, katununulia wote chapati na mayai.

Karatasi imetoka kampuni nyingine, ya Nairobi, inayofanya kazi kama yetu. Nimeisoma mara tatu. Fundi cherehani wa Namuwongo alikutana na ndugu yake Bunagana siku ya Krismasi.

Hayo ni maneno yangu. Kumbe Meja hakuyaweka kabatini. Aliwapa wateja, wateja wakawauliza wale wa Nairobi, wale wa Nairobi wakawarudishia yaleyale kama yao. Uongo wangu umesafiri, umerudi umevaa suti. Hapa ofisini hakuna anayeutambua ila mimi.

Chapati nimempelekea binti yangu Aline.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Meja. Nimemwambia Krismasi niliibuni mwenyewe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alitazama nje dirishani, kisha:

"Mama, hii maneno imetoka pande mbili. Wewe sasa ni pande gani?"

Halafu akaniuliza, kwa upole, kama kitambulisho changu cha ukimbizi hakijaisha muda.

Taarifa imetoka saa sita mchana. Nakala wamepewa pia watu wa usalama wa hapa, wale wa magari ya vioo vyeusi.

Zaituni alikuwa kwenye kiti chake mbele yangu, hedifoni masikioni. Sijui kama alisikia. Ni mtu wa ukoo wa walimu wa dini, babu zao walikuja toka pwani zamani sana, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Miaka miwili meza moja, na hatujawahi kuzungumza kitu zaidi ya chai na mvua. Kazi yetu haizoeshi watu kuzungumza.

Jumamosi, 8 Machi

Nikimwonya Bahati, atajiuliza nimejuaje. Mtaa mzima utajua. Mtu anayebeba maombi ya kanisani na kuyauza! Watanifukuza mimi na Aline, na hiyo ndiyo heri. Nisipomwonya, watamchukua, na wanaochukuliwa hawarudi wote.

Naogopa huku na huku. Naogopa zaidi kwa ajili yangu mwenyewe. Niandike ukweli angalau humu.

Saa nane nimekwenda. Nimebeba gauni la Aline, eti lipunguzwe. Mkewe Espe alikuwa mlangoni anachambua maharage, tukasalimiana. Bahati, baba yake Merci, alikuwa anampima mtu suruali. Nimengoja mpaka yule mtu ameondoka.

"Baba Merci, toka Kampala leo. Banakutafuta juu ya mdogo wako."

Akaweka mkasi chini. "Nani alibaambia?"

Alinitazama, nikatazama cherehani. Nadhani alielewa. Alilikunja gauni la Aline vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Aksanti, mama."

Angenitukana ningeona nafuu.

Jumapili, 9 Machi

Bahati aliondoka jana hiyohiyo. Gari la vioo vyeusi lilikuja leo asubuhi, likakuta cherehani tu. Espe wamemhoji saa nzima, wamemwacha.

Amekuja kanisani. Amesimama, ameomba tumwombee mumewe popote alipo. Wote wameinamisha vichwa. Nimeshindwa kufumba macho.

Jumanne, 11 Machi

Meja kaandika kwa mkono wake juu ya jalada: amekimbia, taarifa imethibitika kabisa.

Amekimbia kwa sababu nilimwambia akimbie. Sasa hakuna atakayeamini kwamba Bunagana niliibuni, hata nikiapa. Nimekwenda chooni, nikaanza kucheka, nikaishia kulia.

Kuna kazi mpya. Wateja wanataka kujua nani alimwonya. Meja kanipa mimi, maana nawajua watu wa kule, anasema. Sijui ananiamini au ananipima. Uso wake hausomeki. Rekodi za simu ya Espe zinakuja keshokutwa.

Alhamisi, 13 Machi

Rekodi ya nne. Espe na dada yake wa Bukavu. Habari za watoto. Mguu wake unaovimba. Dakika ya sita anasema Mungu ambariki Mama Aline, bila yeye leo tungekuwa tunalia msiba.

Jina langu. Wazi, hakuna hata kelele ya gari nyuma.

Nimeandika: hapasikiki.

Rekodi ya jalada kubwa husikilizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, halafu Meja analinganisha karatasi. Leo wa pili alikuwa Zaituni. Nilimwangalia akivaa hedifoni. Aliandika, aliandika, kisha kalamu ikasimama. Akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu.

Alipomaliza alisogeza karatasi yake upande wangu bila kuinua macho.

"Hapo hata mimi sikuambulia kitu, bibie."

Karatasi zimelingana. Meja katia sahihi. Amesema tuendelee kusikiliza.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu asubuhi. Rekodi saba, hakuna kitu. Espe hajapiga tena.

Zaituni kaleta visheti toka kwao, kaniwekea viwili kwenye kisosi. Hajauliza chochote. Ni mwanamke mwema, na sijui nitamshukuruje bila kusema neno. Nimevila vyote viwili.

Ila kila akiinuka kuelekea mlango wa Meja, naacha kuandika mpaka arudi.