Nta Nyekundu Katika Koti Lako

Nyumba ya 14,
Kambi ya Wapima Miti.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wa ndani na wa uani. Natumaini unakula vizuri, unalala vizuri, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu mwezi uliopita kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana kamgombeza fundi bomba mpaka maskini akaondoka akasahau spana yake. Binti yetu, yule tuliyempa jina la Mwalimu, yuko darasa la nne na anasahihisha kila mtu, bibi yake akiwemo. Anauliza baba mdogo atarudi lini.

Utashangaa nimeandika barua na simu zipo. Simu zetu nazijua. Tunajuliana hali, tunataniana, halafu kaka yako akiingia tu sebuleni, mtandao wa kwako unaharibika. Ni miaka miwili na miezi minne sasa mtandao huo unaharibika kila akiingia yeye. Nimeona nikae kitako niandike, maana haya ninayotaka kusema nikiyaanza kwenye simu nitayameza.

Shemeji, ni mimi niliyetoa njiti kwenye kile kikopo.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuthubutu kuiweka hapa. Sasa niache nikueleze yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikiruka moja nitapata mwanya wa kujitetea.

Utaratibu wa kikopo ulikuwa wako, na kila mpima miti hapa kambini aliuiga. Kabla ya safari ya msituni ulikuwa unakaa ngazi ya nyuma, unachovya vichwa vya njiti za kiberiti kwenye nta, moja moja, unaziacha zikauke, unazifunga kwenye nailoni pamoja na kipande cha ubavu wa kiberiti cha kuwashia. Unaongeza pamba uliyoipaka vaselini na kipande cha mshumaa. Vyote ndani ya kikopo cha bati, na mfuniko unauzungushia nta nyeupe ya mishumaa ya stoo ya ofisi ili unyevu usipate pa kupenya. Kikishafungwa hakifunguliwi mpaka siku ya shida. Hata kukikagua ilikuwa mwiko, maana kukifungua ni kukaribisha unyevu. Aliyefunga ndiye anayejibu.

Jumanne ile asubuhi kiberiti cha jikoni kilitumbukia kwenye beseni la vyombo. Duka halijafunguliwa, Mama anasubiri chai anywe dawa, Mwalimu analia hataki shule. Koti la kaka yako lilikuwa limetundikwa mlangoni, na kikopo ulichokifunga wewe Jumapili kiko mfukoni. Safari ilikuwa ya Alhamisi. Nikaichokoa nta kwa kisu, nikatoa kifuko cha njiti, nikawasha jiko. Kifuko nikakiweka rafuni nyuma ya kopo la chumvi, nikijua mchana nitakihitaji tena. Na kwa vile nimeishi na nyinyi nikajifunza mambo yenu, sikutaka pamba ishike unyevu. Nikakiziba kikopo kwa mshumaa wetu wa jikoni, ule mwekundu, nikakirudisha mfukoni. Jioni ningenunua kiberiti kipya, ningekijaza, wala msingejua.

Kumbe msimamizi wenu alikuwa ameambiwa mvua ziko karibu. Akatuma gari asubuhi hiyohiyo. Nilipotoka sokoni, msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu.

Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Gari lilikuwa halijafika hata njia panda. Ningempigia angenifokea dakika mbili, wangesimama dukani, wangenunua kiberiti, yakaisha. Lakini nilikuwa nimechoka kufokewa asubuhi ile. Nikajiambia, miaka kumi na moja hajawahi kukifungua, ndiyo atakifungua leo? Nikaendelea kuchambua mboga.

Usiku huo mvua ilimkamata mlimani akiwa peke yake. Wewe ndiye uliyepanda kesho yake na askari wawili wa msitu mkamkuta chini ya jabali, goti limevimba, hawezi hata kutamka jina lake sawasawa. Alikuwa amefanya kila kitu kama mlivyofundishwa. Kachonga vijiti vikavu kutoka ndani ya gogo, kavipanga, kavikinga kwa koti mvua isivipate, na yeye mwenyewe akabaki na shati. Ndipo akafungua kikopo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Pamba ipo. Mshumaa upo. Njiti hakuna. Mume wangu amekesha mbele ya kuni kavu.

Kisha zikaja zile siku kumi na tisa za nimonia. Unakumbuka alichokuambia wodini, mbele ya wapima wenzako wote: kwamba ulitaka kumuua kwa uzembe na sasa unamdanganya akiwa kitandani. Wewe ulisema neno moja, kwamba uliziweka ishirini, na ulizihesabu. Akakuita mwongo. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya chai mkononi. Unajua nilifanya nini? Nilimimina chai.

Tangu hapo hakuna mpima aliyekubali umfungie kikopo chake. Nikaona unavyotembea kambini umejiinamia, nikasema nitamweleza kaka yako akipata nafuu. Akapata nafuu. Nikasema akianza kazi. Akaanza. Halafu ukaomba uhamisho, na mimi nikakufungia mizigo yako vizuri kabisa, uso mkavu.

Jumatatu iliyopita nililitoa koti lako la kazi, lile uliloliacha nyuma ya mlango wa stoo, nilifue kabla panya hawajalizoea. Mfukoni nikakuta karatasi ya vipimo imekunjwa mara nne. Ndani yake vipande vya nta nyekundu.

Shemeji, nilikaa juu ya ndoo kama mtu aliyepigwa. Nikakumbuka kwamba kikopo kiliporudi kutoka mlimani mdomo wake ulikuwa umekwanguliwa ukawa safi, nami nikadhani ni mvua na mawe. Kumbe uliiona nta, ukajua mshumaa mwekundu hautoki stoo ya ofisi. Ukaikwangua kabla kaka yako hajapata fahamu za kutosha kuitazama. Ukasimama wodini ukaitwa mwongo, na ushahidi uko mfukoni mwako! Sikuulizi kwa nini. Uliitazama nyumba ya kaka yako, ukamtazama Mama, ukaona afadhali uondoke wewe kuliko iondoke amani. Nami niliyekufulia nguo na kukuita mdogo wangu nikakuacha uende. Nimejichukia kwa hilo na bado najichukia.

Jumatano baada ya chakula cha mchana nilimwambia kaka yako. Nilitegemea afoke; nilikuwa nimejiandaa kwa kufoka. Badala yake aliinuka. Akachukua nyundo akaenda kutengeneza mlango wa banda la kuku, ambao haukuwa na kasoro yoyote. Akaugonga mpaka jioni. Mama akaniuliza kuku wamefanya nini.

Alhamisi akaniuliza swali moja tu, kama wewe ulijua. Nikaiweka ile karatasi mezani nikaikunjua. Akaitazama nta, akaigusa kwa kidole. Halafu akalia, Shemeji. Hata mlipomzika baba yenu sikumwona akilia vile. Mimi hajanisamehe bado, na simharakishi. Anakula chakula changu, ananijibu nikimsemesha, na jana kacheka Mwalimu alipomsahihisha. Nashukuru kwa hicho.

Sasa niruhusu nitie neno kwenye fani yenu, ingawa mimi ndiye wa mwisho mwenye haki hiyo. Nasikia huko uliko mvua haina likizo. Utaratibu wenu ulikuwa na tundu moja, nalo ni ule mwiko wa kukagua. Tuliiamini nta kuliko macho yetu. Usikae na kikopo kilichofungwa mwezi mzima ukajiona una moto. Kifungue kila Jumapili juani, washa njiti moja uone kama inashika, badilisha zilizolegea, ndipo uzibe upya. Na usiweke moto wako wote mahali pamoja. Kikopo kikae mfuko wa ndani, karibu na kifua, njiti nyingine ziwe kwenye kichupa cha dawa ndani ya begi, na kiberiti cha gesi ukifunge kwenye nailoni ukining'inize shingoni hata wakikucheka. Asubuhi ya safari mwenye kubeba afungue mwenyewe, ahesabu mwenyewe. Na mtu wa jikoni akiomba njiti, mpe mkononi, usingoje azifuate kwenye koti.

Kaka yako kifua kinamlazimisha kukaa ofisini siku nyingi, lakini kikopo bado anakibeba. Leo asubuhi alikifungua mezani mbele yangu, akanisogezea nihesabu. Nilihesabu kwa sauti. Zilikuwa ishirini na mbili.

Nimewaeleza pia wapima wenzako. Niliwaita jana wakakaa hapo barazani, nikasema mbele yao wote, kwa kuwa mbele yao wote ndipo ulipoaibishwa. Msimamizi alivua kofia akaikunjakunja mikononi. Wawili kati ya waliokataa uwafungie vikopo wameniomba anwani yako. Nimewapa.

Mama anakusalimu na anasema unenepe, usirudi ukiwa umekonda kama ufito. Mwalimu anakusalimu na anasema nimekosea nukta sehemu tatu. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu. Suruali yako anayo bado. Nisalimie huyo mpishi wa kambi yenu anayekuwekea ukoko kila siku, mwambie shemeji yako anamshukuru.

Mwenyezi Mungu akutangulie kila njia unayoipita, akukaushie nguo mwilini, na akulipe wema ambao mimi niliulipa kwa kunyamaza.

Ni mimi nikupendaye, na safari hii bila kujificha,
Shemeji yako.

Kaka yako ameisoma barua yote na ameomba nafasi iliyobaki hapa chini. Mwandiko mbaya ni wake.

*Mdogo wangu. Nilikuuliza ukaniambia kweli, nikakuita mwongo mbele za watu. Nimeomba ruhusa ya siku saba. Nitapanda basi la Jumatano. Kama hutaki kuniona sitakulaumu, lakini nitakaa nje ya mlango wako mpaka utoke kwenda kazini, nami nitasema nilichokuja kusema hata kama hutasimama. Kaka yako.*