Askari Wanaopungua Katika Damu ya Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana mdomo huu niliopewa wa kuchekesha wateja sasa umeniharibia nyumbani. Mimi ni fundi makochi, mtu mzima, kitambi kinatangulia mwenyewe nafuata, na mke wangu anaumwa saratani ya damu, madaktari walimtolea chembe za kinga, wakazitengeneza upya maabara ziweze kuitambua saratani, wakamrudishia, nami nikaziita askari, na kila tukienda kliniki anatolewa damu waone wamebaki wangapi, basi siku moja nikamtania, "Mama, kila chupa inaondoka na askari, hawa watatumalizia jeshi," akacheka mpaka muuguzi naye akacheka.

Mara iliyopita daktari alisema wamepungua sana. Siku ya kupimwa tena nilipomletea viatu akaniambia, "Si ulisema wanatumalizia askari? Nenda ukatolewe wewe, una damu ya kugawa." Nilicheka, yeye hakucheka. Tangu hapo hataki sindano, dada yake ananilaumu, binti yetu akipiga simu ni kulia tu, na mimi kazini nashona mto mmoja, naufumua, naushona tena. Je, nimdanganye tunakwenda kwa shemeji, kisha nimteremshe kliniki? Au nimwache?

Fundi Makochi

Fundi, pole. Pole sana, sasa nisikilize. Umpakie mtu mwenye akili zake kama kochi la mteja? Thubutu! Na usijipe makosa makubwa kuliko uliyonayo: mkeo anajua vizuri kwamba chupa moja haimalizi jeshi. Ameuazima utani wako ajifunike nao. Anaogopa jibu la kipimo, na wewe unaliogopa kumshinda, ndiyo maana ulicheka peke yako.

Mwombe ruhusa uende kumwona daktari bila yeye. Uliza: kupungua huku kuna maana gani kwake? Maana idadi peke yake si hukumu. Uliza pia: kipimo kikitoka kibaya, kuna tiba nyingine? Rudi umweleze yote, usipunguze neno. Tiba ikiwepo, msihi apimwe. Isipokuwepo, au akikataa bado, damu ni yake, na dada mtu mwambie hivyo hivyo. Homa ikimpanda, maana kinga yake sasa ni dhaifu, piga simu kliniki saa hiyo hiyo.

Hayo ni ya kesho. Leo funga karakana mapema, keti kitandani kando yake, umwambie unaogopa kubaki peke yako. Akilia, usimnyamazishe.