Diwali Iliyoleta Senene

Shikamoo Yaya Mwanaisha,

Nipo Nyabiyonza, nyumbani kwa Projestus, mwenzangu wa chuoni Kampala. Juzi ilikuwa Diwali, yangu ya kwanza mbali na Mombasa, na machozi yalinilenga. Nikawasha vitaa vya samli barazani. Mara senene, wale panzi wanaoliwa sana huku, wakavutwa na mwanga, wakashuka kama mvua, wakazima taa zangu, wakaniingia hadi shingoni! Majirani wakaja mbio na vikapu kuwaokota.

Senene walipokaangwa, mama yake Projestus akanisihi, "Onja, mwanangu."

"Mama, mimi sili nyama."

"Kwani senene ni nyama?"

Nikala ndizi zangu, wao wakatafuna wakiisifu sikukuu yetu. Kisha Mama akaniuliza, "Hii Diwali yenu, na kesho ipo?"

Nilicheka, upweke ukaniisha. Mungu akutunze, Yaya.

Mwanao wa kulea,
Jayanti