Vipimo vya Barabarani

Shangazi mpendwa,

Bado nasikia gurudumu la kiti chako likigonga ngazi ya mlango wa duka langu la ushonaji. Liligonga mara moja tu, ukanitazama, ukacheka: "Duka lako lina maringo, mwanangu."

Huku tu wazima. Cherehani mpya haikati uzi, na pazia la chumba cha kujaribia nguo limetoka zuri, la kijani. Hukuliona. Nilikupimia nje barabarani, nikikuzungushia futi kifuani watu wakipita, nawe ukaninong'oneza, "Fanya haraka, kabla hawajaanza kulipa kiingilio." Nilicheka nawe. Ulipoondoka nililia. Sasa unaniambia gauni likiwa tayari nikutumie tu, wewe huji tena.

Mwaka mzima nilikwambia kwenye simu kwamba nitajenga mteremko wa kupandishia kiti chako mlangoni, ila mwenye nyumba ndiye mgumu. Shangazi, sikuwahi kumwuliza. Ulinisifu kwa ile nia, nami nikaridhika na sifa. Wiki iliyopita nilimwendea. Alikuwa anakula, hata kichwa hakuinua. "Si ujenge," akasema. Basi, ni hilo tu.

Fundi mwashi alitaka kuanza baada ya wiki moja. Nilimwambia aanze siku ileile, nikamkorogea saruji mwenyewe. Mteremko umekauka, na jana mteja mmoja alipanda akisukuma kigari cha mtoto bila kusaidiwa.

Gauni lako sijalikata. Vile vipimo vya barabarani nimevichana. Nitakupima upya, ndani, pazia likiwa limefungwa.

Ni mimi mwanao, ninayekuonea haya.