Mkono wa Sweta

Jumatatu, 4 Machi
Maabara ya shule imeungua. Si yote, chumba cha nyuma tu na mapazia yake. Mjukuu wangu wa kike kaniletea sweta yake ya shule, mkono wa kulia umeungua mpaka kiwiko. Eti pasi! Nikamwambia, mke wangu, pasi gani hiyo inayonuka spiriti? Akacheka upande mmoja. Nikakata palipoungua, nikaunga kwa sweta kuukuu. Kazi safi. Cherehani hii haijawahi kuniangusha — meno ndiyo yaliyoanguka.

Jumanne, 5 Machi
Kila mteja ana habari ile ile: aliyechoma ni yule kijana wa kambi ya wakimbizi. Nani kamwona? Hakuna. Muuza mkaa anasema hao walikimbia moto kwao, sasa wametuletea. Kibanda kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Mdomo wangu huu, haungoji ruhusa!

Jioni nikamkalisha mjukuu. Akaokota nyuzi sakafuni moja moja. Kisha akasema: yeye na binti wa Mwalimu Mkuu, sigara, chupa ya spiriti. Walidhani wameizima.

Jumatano, 6 Machi
Kikao cha nidhamu shuleni ni Ijumaa. Kijana atafukuzwa. Na shahidi je? Mjukuu wangu, kwa kuwa ni kiranja! Aseme alimwona karibu na maabara. Mkuu kamwambia ni heshima kubwa. Heshima! Binti yake mwenyewe ana bendeji vidoleni, ati kamwagikiwa na chai.

Mjukuu kauliza kama nilikitupa kile kipande kilichoungua. Nimesema nimekitupa.



Alhamisi, 7 Machi
Mama wa kijana kaja na suruali ya marehemu mumewe. Fundi, nipunguzie chini, kesho mwanangu asionekane mhuni. Nikajitia utani, nikamuuliza kijana kama anakwenda kuposa. Akatabasamu kidogo. Akasema, babu, wakinitoa pale hakuna shule nyingine itakayonipokea.

Mjukuu alikuwa pale pale, kanishikia pini. Kijana akamgeukia: afadhali shahidi ni wewe, kiranja, wewe huonei watu.

Pini zote chini.

Nilipotaja malipo mama akafungua kitambaa. Nikamwambia afunge, asinitie aibu. Akaniombea dua ndefu. Ndefu mno.

Ijumaa, 8 Machi
Naandikia gotini, benchi la nje ya ofisi. Mimi, mjukuu, mama yule, mwanawe. Suruali imemkaa vizuri kuliko kesi yenyewe. Mkuu kapita, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Shikamoo mzee, sweta za kidato cha kwanza vipi? Nikamjibu marahaba, nazishona kwa uangalifu, siku hizi zinaungua ovyo. Hakucheka.

Mjukuu kakunja mikono, wa kulia chini. Niliyemlea mwenyewe tangu mama yake azikwe. Nikifungua mdomo, anayetoka ni yeye. Binti wa Mkuu atapona, vidole na yote.

Mkono wangu wa kushoto umo mfukoni tangu tufike.

Katibu kafungua mlango. Shahidi na mlezi wake! Mjukuu hasimami. Anautazama mfuko wangu. Ananinong'oneza: babu, si ulisema ulikitupa?

Mama yule kasikia.

— Umetupa nini, fundi?