Bitana ya Joho

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la dawa,
S.L.P. 71.
Jumatatu, tarehe 6.

Mwanangu anawekewa mikono kuwa mchungaji, na amegoma kuvaa joho mpaka uje wewe umvalishe. Nimeanza na hilo kwa sababu nikitanguliza salamu, hasira itanirudia nichane karatasi.

Mpendwa mdogo wangu,

Haya, sasa hujambo? Wifi yangu je, kifua kimemwachia? Sisi wazima, ila mimi presha inapanda na kushuka, na anayeipandisha nimemzaa mwenyewe.

Unamjua mpwa wako. Chuoni walikuwa thelathini, na kwa kuhubiri hakuna aliyemkaribia. Si maneno yangu, mkuu wa chuo alinishika mkono akaniambia. Sauti ile haihitaji hata spika zako. Na joho lake nimelishona mimi, mishono ambayo hata uvae miwani miwili huioni.

Kilichoniponza ni bitana, kile kitambaa cha ndani. Nilikuwa nimebakiwa na kitambaa cha sare za chama chetu, zile nilizoshona wakati wa uchaguzi. Kizito, hakichuji. Nikasema, ndani nani ataona? Mtoto akalijaribu mbele ya kioo, akaligeuza, akakuta rangi ya chama na nusu ya uso wa mgombea wetu kwapani. Akalivua taratibu, akalikunja, akanirudishia. "Mama, nitawabarikije watu wote huku nimevaa upande mmoja?"

Nikamwambia aache maringo, kitambaa ni kitambaa. Hakubishana. Jumapili akapewa zamu ya kuhubiri. Akaeleza habari ya mtu anayealika wageni, huyu anampa kiti chenye mto, yule anamwambia kaa kule, na wote Mungu aliwapenda kabla hawajapiga kura. Mimi benchi la mbele naitikia amina kuliko wote, nikidhani anawasema wazee wa kanisa. Mpaka alipotaja kiti cha mguu uliovunjika, kando ya mapipa ya maji. Hapo nikaacha kuitikia, nikajifanya natafuta sadaka mkobani.

Kile kilikuwa kiti chako, kwenye harusi ya binti yangu. Ulisafiri kutwa nzima, ukaunganisha taa na spika zote bila kudai hata soda, kisha mimi dada yako nikakuweka juani, kwa sababu kwenye kampeni ulizunguka na kipaza sauti cha chama chenu. Wa chama changu nikawapanga chini ya turubai, hata yule muuza mkaa ambaye jina lake silijui. Ukaondoka kabla ya keki, na mwaka umeisha hujanipigia simu.

Tulipofika nyumbani mtoto akasema neno moja tu: "Mjomba ndiye atakayenivalisha." Usipokuja atasimama mbele ya kanisa zima na shati lake. Ninavyomjua, hatanii.

Nimekasirika, sikufichi. Nimemkasirikia yeye kwa kuniumbua, na wewe kwa kununa kimya kana kwamba huna mdomo, wakati kwenye kampeni ulikuwa nao wa kukodisha. Ila zaidi naona haya, na haya hiyo ndiyo inayonitia hasira. Muuza mkaa alikuzidi nini, wewe tuliyelala nawe kitanda kimoja tangu utoto? Nisamehe, mdogo wangu. Msimamo wangu sijaubadili, wale wenu bado naona ni waongo, na najua wetu unawaona wezi. Hayo tutabishana wote tukiwa chini ya turubai.

Bitana nimeifumua yote, nimeweka nyeupe. Upindo wa chini nimeuacha. Nitaumalizia ukiwa umekaa hapa, unanishikia kitambaa kama zamani. Kiti chako ni cha kando yangu, nimeshakiwekea mto.

Nisalimie wifi, mapacha, na yule jirani yako fundi viatu aliyekuwa akikubebea bendera. Naye aje. Mungu awafunike njiani, na dereva ampe akili.

Dada yako akupendaye hata akiwa amefura,
Mama Mchungaji (nimeshaanza kujiita).

Nawangoja nyote, asibaki mtu: Jumapili tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi.